Meko manne ya Tattershall

Mwaka 1911 mafundi waliingia katika mnara wa matofali kwenye kijiji cha Tattershall, mashariki mwa Uingereza, wakang'oa meko manne ya mawe yaliyokuwa yamejengewa ukutani kwa zaidi ya miaka 450. Hawakuwa wezi. Meko yalikuwa yameuzwa kihalali, risiti ipo, na mnunuzi alikuwa na kila ruhusa ya kuchukua alicholipia. Yakafungwa, yakasafirishwa hadi London, na habari ikazagaa kwamba safari ingeishia Marekani. Polisi hawakuitwa, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya hilo hasa. Majengo mengi ya kale hubomolewa na vita, moto au mvua, na kwa hayo tunasikitika tu. Hapa jengo lilikuwa likinyofolewa na mwenye mali, mchana kweupe, huku majirani wakitazama. Na juu ya meko yenyewe yalichongwa maneno ya Kifaransa cha kale ambayo mjenzi aliyafanya kaulimbiu yake: "N'ay je droit", yaani "Je, sina haki?"

Mjenzi huyo alikuwa Ralph Cromwell. Alipigana Ufaransa akiwa kijana, akapanda ngazi ya utumishi wa mfalme, na kuanzia 1433 hadi 1443 akawa Mweka Hazina Mkuu wa Uingereza. Ngome ya kwanza pale Tattershall ilikuwa ya mawe. Robert de Tateshale alipewa kibali cha kuijenga mwaka 1231, na Cromwell aliirithi kupitia upande wa wanawake wa ukoo ule. Alipopata cheo hakuridhika nayo. Kati ya 1434 na 1446 akajenga upya kwa matofali ya kuchoma, kitu kilichokuwa bado kigeni katika Uingereza ya wakati ule na kilichowapendeza wakubwa waliokuwa wameona majengo ya ng'ambo. Inakadiriwa kwamba yalitumika matofali karibu 700,000. Lincolnshire, jimbo kilimo kijiji hiki, ni nchi tambarare ya mabwawa na mito upande ule, mawe mazuri ya kujengea yako mbali, lakini udongo wa kufyatulia uko tele.

Mnara mkuu unafika futi 130 hivi, kama mita 40. Ukiutazama kwa mbali unadhani ni wa vita: minara minne ya pembeni, mahandaki ya maji, vyumba vya walinzi juu kabisa vilivyochomoza nje ya ukuta. Ukikaribia unaona madirisha makubwa kuanzia chini, madirisha ambayo hakuna jemadari angeyaweka mbele ya adui mwenye mizinga. Mnara huu ulikuwa nyumba ya kifahari iliyovaa sura ya ngome. Kila ghorofa ilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa, mmoja juu ya mwingine, na mgeni alipandishwa kwa ngazi ya kuzunguka kulingana na daraja lake. Wa kawaida aliishia chini, mwenye heshima akafika juu zaidi.

Katika kila ukumbi, kitu cha kwanza kukutana na macho ya mgeni kilikuwa meko. Yalichongwa ngao za koo ambazo Cromwell alijinasibu nazo na, mara nyingi kuliko alama nyingine, mfuko wa fedha, alama ya mweka hazina. Kwa hiyo meko yale yalifanya kazi kubwa kuliko kupasha joto. Yalikuwa shajara ya ukoo na tangazo la cheo kwa pamoja. Kuyatoa ni kama kuitoa nyumba ya kale ya Lamu vidaka vyake na mlango wake wa nakshi: kuta zitabaki zimesimama, lakini nyumba haitakuwa na la kumwambia mtu.

Cromwell hakuacha mtoto. Alifariki mwaka 1456, na mlolongo wa wamiliki ulianzia hapo kuyumba. Warithi walikuwa wapwa wake wawili, Maud na Joan. Harusi ya Maud na Thomas Neville ilifanyika Tattershall mnamo Agosti 1453, mjomba akiwa hai, na msafara wa harusi ulipokuwa ukirudi kaskazini ulivamiwa karibu na York na watu wa ukoo wa Percy, mahasimu wa Neville. Wanahistoria wengi huhesabu tukio lile kuwa miongoni mwa cheche zilizowasha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 15. Joan, mpwa wa pili, aliolewa na Humphrey Bourchier, ambaye aliuawa katika mapigano ya Barnet mwaka 1471. Baada yake ngome ikachukuliwa na mfalme.

Kuanzia hapo Tattershall ikawa zawadi ya kugawiwa. Henry wa Saba alimpa mama yake, Margaret Beaufort. Henry wa Nane akampa rafiki yake Charles Brandon, Duke wa Suffolk. Katikati ya karne ya 16 ikaangukia kwa Edward Clinton, amiri wa jeshi la majini, aliyepewa baadaye cheo cha Earl wa Lincoln, na ukoo wake ukakaa nayo zaidi ya miaka 100.

Zama za akina Clinton zina jambo ambalo kila ninapolikumbuka naziona habari za mwaka 1911 kwa jicho jingine. Theophilus Clinton, Earl wa nne, alikuwa Mpuritani, yaani Mprotestanti mkali aliyetaka Kanisa la Uingereza lisafishwe, naye alizungukwa na Wapuritani wenzake. Msimamizi wa mali zake alikuwa Thomas Dudley. Mwaka 1630 Dudley alivuka bahari kwenda kuanzisha koloni la Massachusetts, na baadaye akawa gavana wake. Dada yake Theophilus, Lady Arbella, alikuwemo katika safari hiyohiyo, na meli iliyoongoza msafara ilipewa jina lake. Watu waliolelewa na kuajiriwa na wenye ngome hii ndio waliokuwa miongoni mwa waasisi wa nchi ambayo, karne tatu baadaye, ilitajwa kuwa mwisho wa safari ya meko yake. Marekani ilikuwa na uhusiano wa damu na Tattershall tangu zamani. Sidhani kama mfanyabiashara aliyeyanunua alijua hilo.

Vita vya miaka ya 1640 kati ya mfalme na Bunge viliharibu sehemu kubwa ya majengo yaliyouzunguka mnara. Mnara ulinusurika. Mwaka 1693 uzao wa akina Clinton katika mstari ule ulikuwa umekwisha, na kupitia ndoa mali ikahamia kwa ukoo wa Fortescue.

Hapa kuna kosa la msingi ambalo kwa maoni yangu linaeleza yote yaliyofuata. Akina Fortescue walikuwa na makao yao Devon, kusini-magharibi, upande mwingine kabisa wa nchi. Kwao Tattershall ilikuwa mashamba na kodi za wapangaji. Hawakuichukia ngome, ila hawakuihitaji. Paa likavuja, sakafu za mbao zikaoza na kuanguka, mahandaki yakafukiwa, ng'ombe wakapata kivuli ndani ya ukumbi wa Mweka Hazina. Katika uchambuzi wa magofu tunapenda kumtafuta mharibifu, mtu mwenye nyundo mkononi. Tattershall ilimalizwa kwa zaidi ya miaka 200 na wamiliki waungwana waliokuwa na pesa za kutosha kuitunza na ambao hawakuwa na sababu ya kwenda kuiangalia.

Hata hivyo, meko yalidumu. Sakafu zilipodondoka, yalibaki yakining'inia kwenye kuta za juu, yamekaa wazi bila chumba mbele yake. Wasanii na wapenda historia walifika kuyachora, na hivyo yakajulikana. Kujulikana huko ndiko kulikoyapandishia bei.

Mwaka 1910 ukoo wa Fortescue uliiuza mali ya Tattershall, na ngome ikapita kwa wafanyabiashara ambao kwao lilikuwa suala la hesabu. Mnara mtupu kijijini hauna faida. Meko manne ya karne ya 15 yana faida kubwa. Wakati ule matajiri wa Marekani walikuwa wakijijengea majumba na kuyapamba kwa vipande halisi vya Ulaya: dari, mbao za ukutani, ngazi nzima, meko. Madalali wa London walijua cha kutafuta. Meko yaling'olewa, na uvumi ukaenea kwamba mnara wenyewe ungefuata, tofali kwa tofali.

Sheria ilikuwa inasema nini? Sheria ya kwanza ya Uingereza ya kulinda majengo ya kale ilipitishwa mwaka 1882 kwa juhudi za mbunge John Lubbock, baada ya miaka ya kukataliwa bungeni. Ilikuja na orodha ya maeneo 68 ya Uingereza na Ireland, karibu yote ya kabla ya historia iliyoandikwa: mawe yaliyosimamishwa, makaburi ya vilima, ngome za udongo. Serikali iliweza kuchukua ulinzi wa eneo iwapo mwenyewe atakubali. Asipokubali, basi. Wabunge wengi wa zama zile walikuwa wenye ardhi, na wazo la ofisa wa serikali kumwambia bwana mkubwa asichokoe ukuta wake lilionekana kuwa kufuru. Mwaka 1900 sheria ikapanuliwa hadi majengo ya zama za kati, lakini mlango ulibaki ule ule: ridhaa ya mwenye mali. National Trust, taasisi ya hiari ya kuhifadhi majengo na maeneo ya kale, ilikuwepo tangu 1895, ikiwa na nia njema na mfuko mwembamba.

Aliyeingia kati alikuwa Lord Curzon. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulijua jina hilo kwa njia nyingine, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtawala mkuu wa Kiingereza wa India kati ya 1899 na 1905, mtu wa kiburi aliyeigawa Bengal mwaka 1905 na kuacha hasira iliyodumu. Huko India alikuwa na shauku moja ambayo hata mahasimu wake waliikiri: majengo ya kale. Alisimamia ukarabati wa Taj Mahal, akaifufua idara ya mambo ya kale na kumleta John Marshall kuiongoza mwaka 1902, na mwaka 1904 akapitisha sheria ya kuhifadhi majengo ya kale iliyoipa serikali nguvu za kweli za kumzuia mtu kubomoa, hata kilicho mali yake.

Pima uzito wa jambo hilo. Mwaka 1904 Mhindi mwenye hekalu au kaburi la kale angeweza kuzuiwa na serikali ya Kiingereza asiliharibu. Mwaka 1911 Mwingereza mwenye ngome ya karne ya 15 hakuweza kuzuiwa na serikali hiyohiyo. Kile ambacho Bunge la London liliona ni uonevu kwa mwenye ardhi wa Lincolnshire, liliona ni ustaarabu kwa mwenye ardhi wa Agra. Sheria za aina hiyo zilikuja baadaye hata kwenye pwani yetu. Kenya ya kikoloni ilikuwa nayo kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, na magofu ya Gedi yakawekwa chini yake. Zanzibar ikapata yake mwaka 1948. Tunapozisoma leo inafaa kujua kwamba ulinzi wa magofu kwa amri ulijaribiwa makoloni kwanza, ndipo ukarudi kwa wakoloni wenyewe.

Curzon aliinunua Tattershall mnamo Novemba 1911. Masimulizi yanasema aliamua kwa haraka sana, muda ukiwa karibu kwisha, naye hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Kununua mnara ilikuwa kazi rahisi. Meko yalikuwa yamekwisha toka, na mwenye mnara mpya hakuwa na dai lolote juu yake. Ikabidi yatafutwe. Magazeti yalilikuza jambo, likawa suala la taifa, na meko yakapatikana London yakiwa bado hayajapakiwa melini. Curzon akalipa tena, kwa kitu ambacho kwa akili ya kawaida kilikuwa sehemu ya nyumba aliyokwisha inunua. Mwaka 1912 yakarudi Tattershall juu ya magari ya kukokotwa yaliyopambwa bendera, kijiji kizima kikiwa kimetoka nje.

Pesa za Curzon nazo zina historia yake. Marehemu mkewe wa kwanza, Mary Leiter, aliyefariki mwaka 1906, alikuwa binti wa mfanyabiashara tajiri wa Chicago, na maisha ya kifahari ya Curzon yaliegemea sana utajiri huo. Ndiyo kusema, mali ya Marekani ilikuwa pande zote mbili za biashara ile. Silitaji hili kumpunguzia heshima. Nalitaja kwa sababu masimulizi ya magazeti ya wakati ule, ya Mwingereza mzalendo dhidi ya Mmarekani mporaji, hayatoshi kueleza kilichotokea. Waliouza walikuwa Waingereza, waliong'oa walikuwa Waingereza, na sheria iliyowaruhusu ilikuwa ya Kiingereza.

Kazi ya ukarabati alipewa William Weir, msanifu aliyetoka katika mkondo wa jumuiya iliyoanzishwa na msanii na mwandishi William Morris mwaka 1877 kupinga desturi ya kuyajenga upya majengo ya kale kwa kubahatisha. Kanuni yao ilikuwa kutengeneza kile kilichopo, kuongeza kidogo iwezekanavyo, na kutodanganya. Weir alirudisha sakafu na paa, akaziba nyufa, madirisha yakawekwa vioo tena, mahandaki yakachimbuliwa na kujazwa maji, na meko manne yakapanda kila moja mahali pake. Kazi ilikwenda hadi 1914. Mtu anaweza kuuliza kama kurudisha sakafu nzima bado ni kutengeneza au tayari ni kujenga upya. Mimi naona alikuwa sahihi. Meko yanayoning'inia hewani yanatazamwa kama maajabu, lakini meko yenye sakafu mbele yake yanaeleweka. Mtu asimame palepale aliposimama mgeni wa Cromwell, aunyanyue uso, aone mifuko ya fedha imechongwa safu kwa safu.

Wakati Weir akiwa juu ya kiunzi, Curzon alikuwa katika Baraza la Malodi, nyumba ya juu ya Bunge, akitetea muswada mpya. Mwezi Agosti 1913 sheria ikapita. Iliunda bodi ya wataalamu na orodha rasmi ya majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Mwenye kitu kilichomo katika orodha alilazimika kutoa taarifa mwezi mmoja kabla ya kukibomoa au kukibadilisha. Na pale hatari ilipokuwa kubwa, serikali iliweza kutoa amri ya kuhifadhi, iliyodumu miezi 18 isipothibitishwa na Bunge. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile, "ni mali yangu" halikuwa jibu la mwisho.

Sheria hiyo ilikuwa na matundu. Nyumba yenye watu wanaoishi ndani yake haikuguswa. Makanisa yanayotumika hayakuguswa. Malodi waliokubali serikali ilinde magofu hawakukubali ichungulie vyumba vyao vya kulala, na matokeo yake ni kwamba katika miongo iliyofuata majumba mengi mazuri ya Uingereza yalibomolewa kihalali kabisa, mengine yakiuzwa vipandevipande kama Tattershall. Tukiisifu sheria ya 1913 tuseme na hilo.

Curzon hakuishia hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alinunua ngome nyingine, Bodiam, kule Sussex, iliyoanza kujengwa mwaka 1385, akaitengeneza pia. Alipofariki mwaka 1925 aliacha ngome zote mbili kwa National Trust. Uamuzi huu wa mwisho nauona kuwa wa maana kuliko ule wa kununua. Kwa sheria ya 1907, mali ambayo National Trust imetangaza kwamba umiliki wake hauhamishiki haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani, hata viongozi wa taasisi wakitaka. Curzon alikuwa na mabinti watatu na angeweza kuwagawia. Angefanya hivyo, baada ya kizazi kimoja au viwili Tattershall ingerudi palepale ilipoanzia mwaka 1456: jengo kubwa, warithi wenye mambo mengine, na dalali mlangoni. Aliukata mnyororo wa urithi kwa makusudi. Mnara ulikuwa umepita kwa wapwa, wafalme, rafiki wa mfalme, amiri, mabwana wa mbali na wafanyabiashara, na kila mkono ulikuwa na uwezo wa kuumaliza. Baada ya 1925 uwezo huo haukuwa wa mtu yeyote.

Ukarabati wa matofali ya kale haufikii mwisho. Matofali ya karne ya 15 ni laini, yanahitaji chokaa inayopumua pamoja nayo. Ukizibia saruji ngumu, maji hukwama ndani, baridi huyagandisha, na uso wa tofali hubanduka. Mnara unaosimama peke yake katika nchi tambarare hupigwa na upepo na mvua pande zote. Kwa hiyo fedha zinatafutwa kila mwaka, tiketi zinauzwa, mafundi wanapanda tena.

Hatua chache kutoka mnarani lipo kanisa la Utatu Mtakatifu, ambalo nalo ni wazo la Cromwell. Alianzisha pale chuo cha mapadre, na wasimamizi wa wosia wake, akiwemo Askofu William Waynflete, wakalikamilisha jengo baada ya kifo chake. Madirisha yake yalijazwa vioo vya rangi vyenye picha za watakatifu na visa vya imani. Katika karne ya 18 vioo vingi viliondolewa kwa ridhaa ya mwenye mamlaka na kupelekwa Stamford, kusini mwa Lincolnshire, kupamba kanisa la Mtakatifu Martin. Hakukuwa na magazeti ya kupiga kelele wala Curzon wa kuvifuata. Vipande vichache vilivyobaki vimekusanywa katika dirisha moja la mashariki. Madirisha mengine yote ni vioo vyeupe, na mwanga wa Lincolnshire unaingia kanisani bila rangi.